Umehamia Kondoa? Ijue Ardhi Inayotetema

Labda umehamia Kondoa mwaka huu. Umetoka mahali ambapo hujawahi kuona ardhi ikitikisika. Usiku mmoja umelala. Unasikia ngurumo, kama lori zito linapita nyuma ya nyumba. Sufuria zinagongana. Mabati yanalia. Kitanda kinacheza. Kabla hujajua la kufanya, kumekuwa kimya. Unatoka nje, huoni lori. Jirani yako hata taa hajawasha.

Hilo ni tetemeko la ardhi. Wenyeji wameyaona mengi.

Kwa nini yanatokea huku? Kondoa iko katika Bonde la Ufa. Mkono mmoja wa bonde hili unatoka Kenya, unapita Ziwa Natron na Ziwa Manyara, unafika Kondoa na Dodoma. Mkono mwingine unafuata Ziwa Tanganyika, Ziwa Rukwa na Ziwa Nyasa. Pande mbili za bonde zinaachana polepole sana, milimita chache tu kwa mwaka. Lakini miamba iliyo chini haiachani kwa upole. Chukua kijiti kikavu, ukipinde kidogo kidogo. Kwanza kinavumilia. Kisha kinavunjika ghafla, na mikono yako inasikia mshtuko. Miamba nayo hufanya hivyo. Huvumilia miaka mingi, kisha huteleza mara moja, na mshtuko unafika hadi kitandani kwako.

Mimi ni bwana shamba. Nilipohamishiwa huku kutoka pwani nilipanga chumba kwa mama mmoja mtu mzima. Usiku wa tetemeko langu la kwanza nilikimbilia uani. Mama akasema kutoka dirishani, "Bwana shamba, rudi ulale. Utazoea." Ni kweli, nilizoea. Lakini kuzoea nako kuna hatari yake.

Wako watu wanaosema kwamba matetemeko madogo yanapunguza nguvu za ardhi, kwa hiyo kubwa halitakuja. Hesabu inakataa. Nguvu ya tetemeko hupimwa kwa namba. Tetemeko la 5 lina nguvu mara 30 hivi kuliko la 4. La 6 lina nguvu mara 30 hivi kuliko la 5. Basi ili kumaliza nguvu za tetemeko moja la 6, yanahitajika matetemeko ya 4 yapatayo elfu moja! Madogo unayoyasikia hayatoshi. Katika nchi yetu makubwa yamekwisha kutokea. Mwezi Desemba 1910 eneo la Rukwa lilitikiswa na tetemeko la 7 na zaidi. Mwezi Julai 2007 ardhi ilitetema siku nyingi karibu na Mlima Gelai, kaskazini. Kubwa kuliko yote lilikuwa la 5.9, na watu wa Nairobi walilisikia.

Bukoba ndiko tulikopata fundisho. Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, lilipita tetemeko la 5.9. Watu wasiopungua 17 walikufa, na mamia waliumia. Nyumba nyingi zilianguka, na nyingine nyingi zilipata nyufa. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Katika matetemeko, ardhi haiwamezi watu. Kinachoua ni ukuta.

Kwa hiyo itazame nyumba yako leo. Nyumba ya miti na udongo yenye paa la nyasi hupinda, haivunjiki upesi. Tembe lenye paa zito la udongo ni jambo jingine. Nguzo zikiliwa na mchwa, paa lote linaweza kuwashukia mliolala. Zigonge nguzo, ubadilishe zilizooza. Nyumba ya matofali yaliyounganishwa kwa udongo mtupu huonekana imara, lakini ikitikiswa matofali huachana. Kama unajenga mpya, mwambie fundi afunge kona vizuri na apitishe lenta ya zege yenye nondo kuzunguka kuta zote, siyo juu ya mlango na madirisha tu. Lenta huzishika kuta pamoja kama mkanda. Najua nondo ni ghali. Basi jenga vyumba vidogo, na ukuta usiwe mrefu mno. Nyumba ya mgongo wa tembo ina hatari pale juu, penye pembe tatu. Matofali ya hapo huanguka kwanza. Usiweke kitanda cha mtoto chini yake.

Ardhi ikianza kutetema, ukiwa karibu na mlango toka upesi, uende mbali na kuta na miti. Ukiwa ndani mbali na mlango, ingia chini ya meza imara, ufunike kichwa kwa mikono. Ukiwa shambani kaa hapo hapo, lakini uepuke genge na mteremko wenye mawe. Baada ya kutulia, zima moto jikoni na koroboi. Usirudi ndani haraka, maana mitetemo mingine huweza kufuata.

Utasikia pia uvumi. Mtu atasema, "Leo saa mbili usiku linakuja kubwa." Muulize amejuaje. Hakuna mtaalamu duniani anayeweza kutaja siku wala saa. Taasisi ya Jiolojia iliyoko Dodoma ina mitambo ya kupima matetemeko, lakini mitambo hiyo hupima yanayotokea, haitabiri yajayo.

Asubuhi zunguka nyumba yako na penseli. Ukiona ufa ukutani, weka alama pale unapoishia, uandike tarehe pembeni. Baada ya tetemeko jingine utazame tena. Kama ufa umepita alama yako, hamishia watoto chumba kingine na umwite fundi siku hiyo hiyo.