Embe Kavu ni Biz Poa Mtaani, Lakini Usipoosha Vizuri Unauzia Wasee Ugonjwa

Msimu wa embe ukishika, lori kutoka Makueni zinajaa Nairobi na bei inaanguka. Pale Toi karibu na Kibera, na kwa soko la Kawangware, zile zimeiva sana huuzwa bei ya kutupa ama zinaozea kwa stendi. Kuzikausha ni njia ya kuokoa hiyo doh. Shida ni kuwa wasee wengi hudhani kazi yote ni ya jua, kumbe nusu ya kazi iko kwa beseni.

Cheki vile mambo iko. Jua linatoa maji kwa tunda, lakini haliui viini vyote. Salmonella, ile noma ya kukulaza chooni, inaweza kukaa kwa chakula kikavu miezi kadhaa ikingoja tu mtu adishi. Na embe kavu haipikwi. Vile imetoka kwa trei ndivyo inaingia mdomoni.

Osha ikiwa nzima

Usikate kwanza. Kisu kikipita kwa ganda chafu kinabeba vumbi na viini hadi ndani. Ukianza kuosha vipande, sukari na vitamini C zinaenda na maji, na vipande vilivyolowa vinachelewa kukauka. Hapo ndio ukungu huingilia.

Maji gani?

Hapa ndio mtaa hutupima. Kibera kuna paipu za plastiki zinazopitia kwa mitaro ya majitaka. Paipu ikitoboka na presha ishuke, uchafu unaingia ndani. Maji ya mtungi yanaweza kukaa safi kwa macho na bado yakuangushe. Chemsha, ama weka dawa ya klorini ya maji ya kunywa, fuata kipimo cha chupa na ungoje nusu saa. Sugua embe hadi utomvu utoke, suuza, pangusa na kitambaa safi. Maji yakichafuka, badilisha, juu embe moja chafu itapaka zingine zote. Sabuni zii, inaweza kupenya ganda.

Ndimu kabla ya jua

Ukishakata, changanya juisi ya ndimu na maji, nusu kwa nusu, loweka vipande dakika 10 kisha uchuje. Asidi inazuia embe kugeuka kahawia, na inasaidia kumaliza viini zikikauka.

Viwanda vingine hutumia salfa badala ya ndimu. Ndio maana aprikoti kavu za supermaketi zinang'aa rangi ya chungwa. Lakini salfa inaweza kuamsha pumu kwa watu wengine. Kwa hivyo embe yako ikiwa na rangi imefifia kidogo, usione aibu.

Mteja mmoja akiendesha, plot nzima itajua kabla jioni ifike. Mtungi mmoja wa maji na ndimu kadhaa ni bei rahisi kuliko kutafuta jina upya.