MFALME CHINI YA SHERIA: KUTOKA UHOLANZI HADI KASESE

Mtoto asomaye Bwera huenda akamwuliza baba yake jioni: "Kati ya Rais na Omusinga, mkubwa ni nani?" Wazazi wengi hujibu kwa mkato, "Rais," kisha wakaendelea kula. Jibu hilo ni sahihi lakini halitoshi, kwa maana swali lenyewe limeyasumbua mataifa karne nyingi, na hapa Kasese limekwisha kugharimu roho za watu.

Mnamo mwaka 1581 majimbo ya Uholanzi yaliyoasi yalitangaza kuwa hayamtambui tena Philip II, Mfalme wa Hispania. Hoja yao ilikuwa kwamba mfalme huwekwa kwa ajili ya raia, wala si raia kwa ajili ya mfalme. Wakaunda jamhuri. Hata hivyo walibaki na ofisa mkuu aliyeitwa stadhouder, ambaye kwa kawaida alitoka katika ukoo wa Orange. Huyo aliongoza majeshi, lakini fedha za kuwalipa askari zilikuwa mikononi mwa mabaraza ya majimbo.

Mmoja wa hao, William III, alivuka bahari mwaka 1688 kwenda Uingereza kwa mwaliko wa baadhi ya wakubwa wa huko. Yeye na mkewe Mary walipopewa taji mwaka 1689, walisomewa masharti ambayo Bunge liliyafanya sheria mwaka huo huo: mfalme asitangue sheria wala asitoze kodi bila idhini ya Bunge. Aidha, na hapa askari watege masikio, asiweke jeshi wakati wa amani bila idhini hiyo hiyo. Huko ndiko ufalme wa kikatiba ulikopata mizizi yake. Ajabu ni kwamba Waholanzi nao, waliomkataa mfalme wa watu, walijipatia ufalme wao mwaka 1815, nao upo hadi leo.

Safu za Rwenzori zimeona jambo linalofanana na hilo. Waingereza waliwaweka Wakonzo na Waamba chini ya Omukama wa Toro. Mwalimu Isaya Mukirane na wenzake walidai wilaya yao wenyewe, wakanyimwa, na tarehe 30 Juni 1962 wakatangaza kujitenga. Walioukataa ufalme wa Toro wakaishia kusimika ufalme wa Rwenzururu, na Mukirane ndiye aliyekuwa mfalme. Alipofariki mwaka 1966, alirithiwa na mwanawe, Charles Wesley Mumbere, kijana wa miaka 13. Huko milimani walikuwa na mawaziri na watoza kodi wao. Katiba ya 1967 ilifuta falme zote za Uganda, lakini mlima haukusikia. Silaha ziliwekwa chini Agosti 1982, na baadaye Mumbere akaenda Marekani, ambako alifanya kazi ya kuhudumia wagonjwa na wazee. Serikali ilimtambua rasmi Oktoba 2009.

Ilimtambua kama nani? Hapo ndipo wengi hukosea. Omusinga si mfalme wa kikatiba kama yule wa London, kwa kuwa Uganda ni jamhuri. Sheria zikipitishwa na Bunge, hazimngojei atie sahihi. Ibara ya 246 ya Katiba ya 1995 humwita kiongozi wa jadi, humkataza siasa za vyama, na haimpi mamlaka ya utawala wala ya kutunga sheria. Ibara ya 208 nayo inakataza mtu yeyote kuunda jeshi nje ya Katiba. Ni sharti la 1689 katika vazi jingine.

Tarehe 26 na 27 Novemba 2016 mjini Kasese, mgogoro kati ya vyombo vya dola na walinzi wa ikulu ulimalizika kwa damu. Waliokufa walizidi 100, wakiwamo askari polisi, walinzi na watoto. Maandishi ya Katiba yalikuwapo siku ile, tena wazi, lakini hayakumwokoa mtu. Mumbere alishtakiwa, mashtaka yakafutwa Juni 2023, naye akarejea Kasese Oktoba ya mwaka huo.

Ibara hiyo ya 246 ina kifungu kingine kinachohusu jikoni kwetu, nacho hakisomwi sana: hakuna anayelazimishwa kumtii kiongozi wa jadi wala kuchangia gharama za kumtunza. Mama wa Bwera akiombwa kuku wa sherehe, anaweza kumtoa kwa moyo mkunjufu, au akambakiza bandani atage.