KWA NINI CHUMVI NA SUKARI PAMOJA?

Mtoto anapoharisha, baadhi ya wazazi humnyima maji wakidhani watamzidishia ugonjwa. Wengine humpa maji matupu, kisha hushangaa kuona anazidi kulegea. Mwezi huu tueleze kwa nini maji yenye chumvi na sukari huokoa maisha.

Ndani ya utumbo mwembamba kuna seli, yaani chembe hai ndogo zisizoonekana kwa macho. Kila seli imezungukwa na utando wenye mafuta, na chumvi na sukari haziwezi kuupenya ovyo. Hupitia milango maalumu ya protini. Mlango mmoja hupitisha sodiamu ya chumvi na glukosi ya sukari zikiwa pamoja. Zikishaingia, maji huzifuata. Robert Crane alieleza jambo hilo mwaka 1960.

Sumu ya kipindupindu huilazimisha seli kumwaga chumvi na maji kwa wingi, lakini mlango huo haiuharibu. Mwaka 1971 wakimbizi wa Bangladesh walipopatwa na kipindupindu huko Bongaon, India, dripu hazikutosha. Dk. Dilip Mahalanabis akawanywesha maji ya chumvi na glukosi. Vifo vikashuka kutoka karibu wagonjwa 30 katika kila 100 hadi chini ya 4.

Tufanye nini nyumbani? Tuchanganye pakiti ya ORS na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Ikikosekana, tuchukue lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha. Tusizidishe! Sukari nyingi huvuta maji kutoka mwilini na kuyarudisha utumboni. Ndiyo maana soda haifai. Chumvi nyingi nayo ni hatari.

Kila anapoharisha, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, kidogo kidogo. Mkubwa zaidi, 100 hadi 200. Aendelee kunyonya na kula. Zahanati itampa pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14.

Macho yakiingia ndani, akishindwa kunywa, au akiharisha damu, apelekwe hospitali mara moja, huku akinyweshwa njiani kama anaweza kumeza.