Takwimu za Hewa na Suala la Kujitegemea

Tunaposema sayansi ni nyenzo ya ukombozi, hatuna maana ya kuagiza mitambo ng'ambo. Huko Kampala, tangu 2015, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere, katika mradi wa AirQo, huunda wenyewe vipima-hewa vya bei nafuu. Vingine hufungwa kwenye bodaboda. Kompyuta husahihisha vipimo kwa kuvilinganisha na vya mtambo sanifu. Mamlaka ya Jiji ni mshirika. Mwaka 2019 Google.org ilitoa dola milioni 1.3. Fedha hizo hatuzibezi, ndugu. Tunachouliza ni nani mwenye takwimu. Hizi zimewekwa wazi kwa umma. Hata hivyo kipimo hakiondoi moshi: anayeuvuta kutwa ni mwendesha bodaboda, na uamuzi juu ya magari makuukuu uko mikononi mwa serikali.