Mabwawa ya Nyumbani California: Kwa Nini Sheria Inadai Vizuizi Viwili

Mwenye nyumba ya familia moja katika Jimbo la California nchini Marekani hutakiwa kupata kibali cha ujenzi kutoka mamlaka ya mji au kaunti kabla ya kuchimba bwawa la kuogelea uani kwake. Tangu Januari 1, 2018, kibali cha bwawa jipya, au cha kukarabati la zamani, huambatana na sharti kwamba liwe na angalau vizuizi viwili kati ya saba vilivyotajwa na sheria. Mkaguzi wa majengo huvithibitisha kabla ya kuidhinisha kazi.

Chimbuko la sharti hili ni watoto wadogo. Nchini Marekani, kuzama ndicho chanzo kikuu cha vifo vya watoto wenye umri wa mwaka 1 hadi 4. Mtoto wa umri huo hapigi kelele; maji humfunika kimya wakati mzazi amekwenda kuepua sufuria jikoni. Sheria ya awali, iliyopitishwa mwaka 1996, iliridhika na kizuizi kimoja. Lakini kizuizi chochote kina siku yake ya kushindwa: lango limezuiwa kwa jiwe lisijifunge, au betri ya king'ora imekwisha.

Kizuizi kinachofahamika zaidi ni uzio unaotenga bwawa na nyumba. Kimo chake kisipungue inchi 60, yaani takriban mita 1.5, upenyo kati ya ardhi na uzio usizidi inchi 2, na nafasi nyinginezo zisipitishe mpira wenye kipenyo cha inchi 4. Lango lifungukie nje, mbali na bwawa, lijifunge lenyewe, na komeo lake liwe juu, mtoto asilifikie. Upande wa nje usiwe na kitu cha kukanyagia. Hapo ndipo wengi hukosea: uzio mzuri hujengwa, kisha kiti cha bustani huachwa kando yake.

Vingine ni uzio wa wavu unaoondoleka, kifuniko maalumu cha bwawa, ving'ora vya milango inayoelekea bwawani, vifaa vya kuifunga milango hiyo yenyewe, na king'ora cha ndani ya maji. Cha saba ni njia nyingine yoyote yenye kinga inayolingana na hizo na iliyothibitishwa kitaalamu. King'ora anachovishwa mtoto mwilini hakihesabiwi.

Jakuzi yenye kifuniko cha usalama kinachofungwa kwa kufuli, kilichokidhi viwango, imesamehewa sharti hilo. Mji au kaunti inaweza kuweka masharti makali zaidi, hivyo ni busara kuuliza ofisi ya majengo ya eneo husika kabla ya kumlipa fundi.

Familia za Afrika Mashariki zinazoishi huko zizingatie jambo moja: sharti la vizuizi viwili huanzia kwenye kibali. Bwawa la miaka mingi ambalo halijakarabatiwa linaweza kuwa halina hata kimoja. Mnunuzi ana msaada, kwani ripoti ya mkaguzi wa nyumba inayouzwa lazima itaje vizuizi vilivyopo na ieleze wazi iwapo havifiki viwili. Mpangaji hana ripoti hiyo. Hana budi kulizunguka bwawa mwenyewe na kulijaribu lango kabla ya kutia saini mkataba.