Mapenzi na Tabaka: Riwaya ya Ayalandi Machoni pa Msomaji wa Kasulu na Kibondo

Riwaya ya Normal People, iliyoandikwa na Sally Rooney na kuchapishwa mwaka 2018, inasimulia mapenzi ya vijana wawili wa mji mdogo wa magharibi mwa Ayalandi, Connell na Marianne, wanaosoma shule moja lakini hawatoki katika tabaka moja. Tabaka, kwa maana inayotumika hapa, ni kundi la watu wanaokaribiana kwa mali, kazi, elimu na heshima wanayopewa na jamii, na ambao kwa sababu hiyo huoana wao kwa wao, hubebana katika shida na kurithishana nafasi zao. Mama yake Connell, Lorraine, aliyempata mwanawe akiwa bado binti mdogo na kumlea peke yake, anafanya kazi ya usafi katika nyumba kubwa ya kina Marianne, ilhali mama yake Marianne ni mwanasheria. Mapenzi yao yanaanzia katika nyumba hiyohiyo, Connell anapokwenda kumchukua mama yake baada ya kazi.

Mji wao, Carricklea, ni wa kubuni, lakini umewekwa katika kaunti ya Sligo, jirani na kaunti ya Mayo ambako mwandishi alizaliwa mwaka 1991 katika mji wa Castlebar. Hadithi inaanza Januari 2011, na tarehe hiyo ina uzito wake, kwa kuwa Ayalandi ilikuwa imetoka katika miaka ya utajiri wa haraka uliosimama juu ya mikopo ya nyumba, benki zake zikatikisika kuanzia mwaka 2008, na mwishoni mwa mwaka 2010 serikali ikalazimika kupokea mpango wa uokoaji wa euro bilioni 85 ulioandaliwa na Umoja wa Ulaya pamoja na Shirika la Fedha la Kimataifa. Pembezoni mwa miji midogo zilibaki nyumba mpya ambazo ujenzi wake ulikatishwa na ambazo hakuna aliyehamia, na vijana wa riwaya hii wanaingia katika mtaa mmoja wa namna hiyo kana kwamba ni sehemu ya kawaida ya mji. Umaskini na utajiri katika kitabu hiki kwa hiyo si mambo ya kale yaliyorithiwa tu, bali ni mambo yanayotokea mbele ya macho ya wahusika, ingawa wao wenyewe hawana lugha ya kuyazungumzia.

Jambo linaloifanya riwaya hii ipite hadithi nyingi za tajiri na maskini ni kwamba mali na heshima hazikai upande mmoja. Shuleni, mtoto wa mfanyakazi wa usafi ndiye anayependwa na wenzake, anacheza mpira, ana marafiki na anasalimiwa na kila mtu, ilhali binti wa nyumba kubwa anakaa peke yake na kuchekwa. Connell anaona aibu kuonekana naye, anaficha uhusiano wao, na wakati wa sherehe ya kumaliza shule anamwalika msichana mwingine. Lorraine anapojua alichokifanya mwanawe anakasirika waziwazi, na hasira hiyo ni miongoni mwa sehemu zenye nguvu zaidi katika kitabu kizima, kwa sababu mwanamke aliyeitwa duni na mji wake ndiye anayetambua kwamba mtoto wake amemdhalilisha binti wa mwajiri wake. Wanapofika Trinity College, chuo kikuu kikongwe cha Dublin, mizani inageuka: Marianne anakuta watu wa tabaka lake na anachanua, naye Connell, aliyekuwa wa kwanza nyumbani, anakuwa mgeni asiyejua avae nini wala aseme nini mbele ya vijana waliozoea fedha.

Kilele cha hoja ya tabaka kinakuja bila kelele yoyote. Connell anapoteza kazi yake ya muda, hawezi tena kulipa pango, na njia ya kutoka ni nyepesi, yaani kumwomba Marianne amkaribishe katika nyumba anayokaa bila shida. Hawezi kutamka ombi hilo. Anamwambia kwamba anarudi nyumbani kwa miezi ya likizo, naye Marianne anaelewa kuwa ameachwa, na wote wawili wanaumia kwa jambo ambalo sentensi moja ingelimaliza. Baadaye wote wawili wanashinda ufadhili wa masomo unaotolewa na chuo hicho kwa mtihani mgumu, na hapo tofauti yao inaonekana tena, kwa sababu kwa Marianne ushindi huo ni heshima, na kwa Connell ni ada, chumba na chakula. Hakuna mzazi aliyewakataza, hakuna sheria iliyowazuia, hakuna adui aliyesimama mlangoni. Kilichowatenganisha ni aibu ya mtu asiye na fedha mbele ya mtu ambaye hajawahi kuzifikiria.

Nyanda za juu za Kigoma, magharibi mwa Tanzania, zinaijua mipaka ya namna hii, lakini kwa muda mrefu zilikuwa nayo kwa sura ya wazi kuliko ile ya Carricklea. Buha, nchi ya Waha, ilikuwa na tawala kadhaa, miongoni mwake Heru katika eneo la Kasulu, Muhambwe katika eneo la Kibondo na Buyungu upande wa Kakonko, na kila utawala ulikuwa na mwami, yaani mfalme, akifuatiwa na watware waliosimamia sehemu ndogo kwa niaba yake. Koo za watawala zilikuwa za Watutsi wafugaji, na uhusiano kati ya mwenye mifugo na mkulima uliendeshwa kwa sehemu kubwa na ubugabire, mapatano ambayo kwayo mwenye ng'ombe alimkabidhi asiye na ng'ombe mnyama wa kutunza, huyu akafaidi maziwa na samadi, na kwa upande wake akatoa kazi, zawadi na utii. Katika jamii ambamo ng'ombe alipima heshima ya mtu, na ambamo ndoa ya watu wenye nafasi ilikamilishwa kwa mifugo, aliyekuwa na zizi alikuwa na sauti kubwa kuliko aliyekuwa na jembe. Tofauti hiyo haikuhitaji kufichwa, kwani ilitajwa katika salamu, katika kazi na katika mahari. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni Heru ilitawaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, jambo linaloonyesha kuwa nasaba iliweza kumpandisha mwanamke mahali ambapo wanaume wengi wa kawaida wasingefika kamwe. Mamlaka ya machifu yalifutwa kisheria mwaka 1963.

Kabla ya kufutwa huko, fedha zilikwisha kuanza kuvunja mpaka wa kale na kuchora mwingine. Serikali ya kikoloni iliifanya Kigoma kuwa chimbuko la vibarua, na maelfu ya vijana wa Buha walikwenda katika mashamba ya mkonge ya Tanga kama manamba, wakitafuta fedha za kodi, nguo na mahari. Kijana aliyerudi na akiba angeweza kuposa mahali ambapo baba yake asingethubutu kupiga hodi, na aliyerudi mikono mitupu alijikuta chini kuliko alipoondoka. Hapa kuna mfanano na safari ya Connell, kwa sababu katika hali zote mbili kijana analazimika kuuhama mji wake ili awe mtu anayestahili katika macho ya mji huohuo.

Fasihi ya Kiswahili imeshughulikia mapenzi yanayovuka tabaka kwa kina, hasa kwa waandishi wa Zanzibar. Katika Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka mwaka 1972, Bahati anampenda Idi, naye Idi anayageuza mapenzi hayo kuwa njia ya kuifikia mali ya mzee Mwinyi. Katika Nyota ya Rehema ya mwandishi huyohuyo, ya mwaka 1976, binti wa mwenye mashamba anapata faraja kwa Sulubu, mkulima maskini, lakini suala la ardhi na urithi linawafuata. Shafi Adam Shafi, katika Vuta N'kuvute ya mwaka 1999, anamkutanisha Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mwanamume mzee, na Denge, kijana Mwafrika anayepambana na utawala wa Waingereza. Riwaya hiyo ilitengenezewa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Waandishi hawa wanaonyesha kizuizi chenye uso na jina, kwa mfano mzee mwenye mali, jamaa wa ukoo, polisi wa kikoloni, na kwa hiyo msomaji anajua wa kumlaumu. Rooney anaonyesha kizuizi kilichokwisha kuingia ndani ya wapenzi wenyewe. Namna hizi mbili hazishindani, na ingekuwa kosa kuiona ya pili kuwa ya kisasa na ya kwanza kuwa ya kizamani, kwa kuwa sehemu nyingi za Afrika Mashariki zinaishi na zote mbili kwa wakati mmoja.

Kasulu na Kibondo za leo ni mfano mzuri wa hali hiyo. Tangu wakimbizi wa Burundi walipoingia kwa wingi mwaka 1993, kisha wale wa Kongo ambao kwa ajili yao kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, miji hii midogo ilipokea ofisi za Umoja wa Mataifa na za mashirika ya misaada, na pamoja nazo watumishi wenye mishahara, magari, nyumba za kupanga zenye uzio, na kazi za udereva, ulinzi, upishi na usafi kwa wenyeji. Pembeni yao wapo walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa mahindi na maharage, na wakulima wanaosubiri mavuno. Watoto wa makundi haya hukutana darasani, kwa kuwa shule za sekondari za kata zilizoenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 2000, na kufutwa kwa ada ya sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016, vimewaweka katika dawati moja watoto ambao zamani wasingekaa pamoja. Usawa wa dawati hata hivyo unakoma kengele ya jioni inapolia. Mmoja anarudi kwenye nyumba yenye umeme na meza ya kusomea, mwingine anapita shambani kwanza. Na kidato cha sita kikiisha, mmoja anangoja kwa hofu orodha ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, mwingine anachagua tu chuo. Mazingira ya Connell na Marianne yamo humu.

Tofauti moja haiwezi kupitwa haraka. Connell na Marianne wanapendana wakiwa shuleni bila kuhofia kwamba dola itaingilia. Nchini Tanzania, mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba, na kwa miaka mingi msichana aliyepata ujauzito alifukuzwa shule na mlango ukafungwa nyuma yake. Novemba 2021 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Joyce Ndalichako, ambaye pia alikuwa Mbunge wa Kasulu Mjini, alitangaza kwamba wasichana hao wataruhusiwa kurudi masomoni baada ya kujifungua. Uamuzi huo ulikuwa wa haki na ulichelewa, maana gharama ya mapenzi ya ujanani imekuwa ikimwangukia zaidi binti wa maskini, ambaye hana shule ya kulipia ya kuhamia wala shangazi wa mjini wa kumhifadhi. Euphrase Kezilahabi aliyaona mengi ya haya mapema katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, riwaya ya binti wa Ukerewe ambayo kwanza ilizuiwa shuleni na baadaye ikaja kusomwa humohumo. Kuhusu mahari, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatamka kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu tu mila ya mahari haikutimizwa, lakini sheria hiyo haimwondolei kijana fedheha ya kukaa mbele ya wakwe bila kitu mkononi, na fedheha hiyo ndiyo riwaya ya Rooney inayoifahamu vyema.

Kitabu chenyewe kina upungufu. Kinayapa nafasi kubwa sana maumivu ya ndani ya vijana wawili na kuipa nafasi ndogo mno kazi ya Lorraine, ambaye mikono yake ndiyo iliyolisha hadithi. Msomaji hamwoni akiinama, akichoka au akihesabu ujira wake. Mtindo wa kitabu, usiotumia alama za kunukuu katika mazungumzo na unaoruka miezi kati ya sura na sura, unadai uvumilivu, ijapokuwa tamthilia ya televisheni yenye sehemu 12 iliyooneshwa mwaka 2020 iliipeleka hadithi kwa watu wengi zaidi. Pamoja na hayo, ni kazi ya kweli, na ukweli wake unatokana na kuuheshimu mji mdogo kiasi cha kuamini kwamba yanayotokea jikoni mwa watu yanastahili riwaya nzima.

Nyanda za juu za Kigoma hazijapewa heshima hiyo ya kutosha katika riwaya ya Kiswahili, ambayo imeijua vizuri Zanzibar, Dar es Salaam na visiwa vya Ziwa Viktoria. Soko la Kasulu, vyuo vya ualimu vya Kasulu na Kabanga, barabara ya kwenda Kibondo, treni ya Kigoma inayowabeba wanafunzi kwenda Dar es Salaam, mama anayefua nguo katika nyumba ya watu ambao mwana wao anasoma na binti yake: yote haya yanamngoja mwandishi aliyeyaishi. Walimu wa fasihi wa wilaya hizi wawatie moyo wanafunzi wao wayaandike kwa Kiswahili kilichonyooka, bila kuogopa kwamba mji wao ni mdogo mno, na wanaokamilisha miswada ya riwaya waipeleke katika Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023.