Kwa nini familia za L'Etivaz huhamia mlimani na ng'ombe wao kila mwaka?

Mwezi Juni, giza huchelewa kuingia kwenye milima ya Uswisi. Saa tatu usiku bado kuna mwanga, na kabla ya saa kumi na mbili asubuhi jua limeshachomoza. Kwa mgeni ni raha tupu. Kwa mfugaji wa kijiji cha L'Etivaz, maana yake ni kwamba saa za kazi zimeongezeka.

L'Etivaz ni kijiji kidogo cha jimbo la Vaud, magharibi mwa Uswisi, kwenye eneo la wanaozungumza Kifaransa. Majira ya joto yakianza, familia za wafugaji hufunga virago, huwavisha ng'ombe kengele na kupanda nao mlimani. Huko watakaa kwa miezi kadhaa, wakikamua na kutengeneza jibini inayobeba jina la kijiji chao.

Swali ni je, kwa nini wasibaki nyumbani?

Hesabu ya nyasi

Jibu liko kwenye majira ya baridi. Theluji ikishafunika ardhi, ng'ombe hukaa zizini kwa miezi mingi wakila nyasi kavu. Nyasi hizo hukatwa kijijini wakati wa joto. Ng'ombe wakiachwa wazimalize mwezi Juni, Januari hakutakuwa na cha kuwapa.

Kwa hiyo mifugo hupelekwa juu, kati ya mita 1,000 na 2,000 kutoka usawa wa bahari, kula nyasi za huko. Zile za chini zinawekwa akiba.

Safari yenyewe si ya mara moja. Theluji huanza kuyeyuka sehemu za chini, kisha za juu. Nyasi nazo huota kwa mpangilio huohuo. Familia huanza na malisho ya chini mwezi Mei, na kadiri siku zinavyokwenda hupanda kibanda kimoja hadi kingine. Baridi ikikaribia, hushuka kwa hatua zilezile.

Kengele nazo si pambo tu. Ukungu ukitanda mlimani, mfugaji hamuoni ng'ombe wake. Anamtafuta kwa kusikiliza.

Asubuhi ya mtengeneza jibini

Siku huanza alfajiri kwa kukamua. Maziwa ya jioni iliyopita huchanganywa na ya asubuhi kwenye sufuria kubwa ya shaba inayoning'inia juu ya moto wa kuni. Kuni hapa si suala la kupenda mambo ya zamani. Ni sharti: jibini iliyopikwa kwa gesi haiwezi kuuzwa kwa jina la L'Etivaz.

Maziwa hayo hayachemshwi kwanza. Hupashwa moto kidogo, hutiwa kigandishaji, na yakishaganda hukatwakatwa hadi kuwa chembe ndogo. Moto huongezwa mpaka karibu nyuzi joto 57, huku mtu akikoroga na kuangalia muda wote. Chembe huopolewa kwa kitambaa, zikashindiliwa kwenye umbo la duara. Maji yanayobaki mara nyingi huishia kwa nguruwe.

Kilo moja ya jibini huhitaji takriban lita 10 za maziwa. Jibini moja ya L'Etivaz huwa na kilo 10 hadi 38. Kazi hiyo hurudiwa kila siku, Jumapili ikiwemo, maana ng'ombe hajui sikukuu. Sheria inaruhusu kuitengeneza kuanzia Mei 10 hadi Oktoba 10 tu.

Baada ya hapo jibini hushushwa kwenye ghala la ushirika kijijini. Wafugaji wenyewe waliuanzisha ushirika huo miaka ya 1930, ili waendelee kutengeneza jibini ya mlimani kwa njia ya wazazi wao.

Kule chini, macho yako mawinguni

Wakati wengine wako juu, lazima kuwe na wa kukata nyasi kijijini. Ndiyo maana mara nyingi familia hugawanyika, au mtu mmoja hupanda na kushuka kila siku.

Nyasi zikikatwa huhitaji siku kadhaa za jua. Mvua ikinyesha katikati, zinapoteza ubora. Zikiingizwa ghalani mbichi, huota kuvu, na mbaya zaidi huweza kupata joto zenyewe hadi kuwaka moto. Miteremko mingine ni mikali kiasi kwamba trekta kubwa haliwezi kupita. Hapo hutumika mashine ndogo za kusukuma kwa mkono, na reki. Utabiri wa hali ya hewa ukisema jua siku tatu, kijiji kizima kiko shambani.

Nini kiko hatarini?

Kwanza ni maji. Kiangazi cha mwaka 2018, ukame ulikuwa mkali hadi jeshi la Uswisi likatumia helikopta kupeleka maji ya mifugo kwenye malisho ya milimani.

Pili ni msitu. Sehemu isipolishwa, vichaka huota, kisha miti. Baada ya miaka kadhaa malisho hayapo tena, na kuyarudisha ni kazi kubwa. Hii ni sababu mojawapo ya serikali ya Uswisi kuwalipa wafugaji wanaopeleka mifugo mlimani. Kipimo cha malipo ni ng'ombe mmoja aliyelishwa huko kwa siku 100.

Tatu ni watu. Si kila kijana yuko tayari kuamka alfajiri kila siku kwa miezi mitano bila mapumziko. Desemba 2023, UNESCO iliuingiza msimu huu wa malisho ya milimani wa Uswisi kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Ni heshima kubwa, lakini haikamui ng'ombe.

Na subira inahitajika. Jibini ya L'Etivaz lazima ikae ghalani siku 135 au zaidi kabla ya kuuzwa. Iliyotengenezwa katikati ya Juni haiwi tayari hadi mwishoni mwa Oktoba. Wakati huo ng'ombe wameshashuka, na zile nyasi zilizokatwa kiangazi ndizo zinazosubiriwa kuwavusha hadi theluji iyeyuke tena.